Virginia Apgar: Daktari aliyefunza ulimwengu kumtazama mtoto dakika ya kwanza

KATIKA vyumba vya kujifungulia, kuanzia hospitali kuu za mijini hadi vituo vya afya vya mashambani, kuna swali moja ambalo huulizwa mara tu mtoto anapotoka tumboni. Je, amepata alama ngapi?

Mkunga hutaja nambari, pengine nane au tisa, nayo huandikwa kwenye faili ya mama. Wazazi wengi huiona nambari hiyo na kuipita. Ni wachache wanaofahamu kwamba neno Apgar lililo kando yake ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa mwanamke ambaye hakuwa daktari wa uzazi wala wa watoto.

Dkt Virginia Apgar alikuwa mtaalamu wa nusukaputi, yaani dawa za kumlaza mgonjwa ili asihisi uchungu wa upasuaji. Alifariki mwaka wa 1974, lakini hadi leo watoto wengi mno ulimwenguni hupimwa kwa mizani aliyoibuni.

Kabla ya mizani hiyo, mtoto aliyezaliwa mdogo mno, au akiwa mlegevu, wa rangi ya samawati na asiyelia, aliweza kuandikwa kuwa amezaliwa mfu. Aliwekwa kando, mbali na macho ya mamake, na kuachwa hapo ilhali pengine moyo wake ulikuwa ungali unapiga. Hapo ndipo Apgar alipoingilia kati.

Nyumba ya sayansi na muziki

Apgar alizaliwa Juni 7, 1909 katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu.

Babake, Charles Apgar, alikuwa mpenzi mkubwa wa sayansi. Alikuwa na maabara nyumbani, akitazama nyota na kufanya majaribio ya mitambo ya redio. Muziki nao ulitawala nyumba hiyo, na Virginia alijifunza kucheza fidla akiwa bado mtoto.

Hata hivyo, maradhi hayakuwa mageni kwa familia hiyo. Kaka yake mmoja aliangamizwa na kifua kikuu angali mdogo, na mwingine aliandamwa na ugonjwa sugu. Kufikia wakati Virginia alipomaliza shule ya upili, alikuwa amekata kauli kwamba atasomea udaktari.

Mnamo 1925 alijiunga na Chuo cha Mount Holyoke, katika jimbo la Massachusetts, kusomea elimu ya wanyama. Karo ilimsumbua, hivyo akafanya vibarua vya kila namna. Mojawapo kilikuwa kukamata paka waliokuwa wakirandaranda ili watumiwe katika maabara ya chuo. Juu ya hayo alishiriki michezo, akaandikia gazeti la wanafunzi na kucheza katika okestra.

Alihitimu mwaka wa 1929 na Septemba mwaka uo huo akaingia Chuo cha Udaktari cha Columbia, jijini New York. Wanawake walikuwa tisa tu katika darasa la wanafunzi 90. Mwezi mmoja baadaye soko la hisa la Marekani liliporomoka na dhiki ya kiuchumi ikatanda kila pembe. Apgar hakurudi nyuma. Alikopa, akasoma, na mwaka wa 1933 akahitimu akiwa wa nne katika darasa lake, akiwa pia na deni la karibu dola 4,000.

Mlango uliofungwa, mlango uliofunguka

Ndoto yake ilikuwa kuwa daktari mpasuaji, na mikono yake ilikuwa na ustadi wa kazi hiyo. Lakini mkuu wa idara ya upasuaji, Dkt Allen Whipple, alimshauri aachane nayo. Whipple alikuwa ameona wanawake aliowafunza wakikosa wateja, na alijua kwamba katika hali ngumu ya uchumi wa enzi hizo, mwanamke mpasuaji angetaabika kujikimu.

Badala yake alimhimiza aingie kwenye nusukaputi. Wakati huo kazi hiyo ilifanywa zaidi na wauguzi, na madaktari wengi waliidharau. Hata hivyo, Whipple alitambua kwamba upasuaji haungeweza kupiga hatua iwapo elimu ya kumlaza mgonjwa ingebaki nyuma.

Apgar alikubali. Mwaka wa 1937 alisafiri hadi Wisconsin kujifunza chini ya Dkt Ralph Waters, mmoja wa magwiji wa fani hiyo, kisha akaendelea na mafunzo katika Hospitali ya Bellevue, New York. Mnamo 1938 alirejea Columbia kuongoza kitengo kipya cha nusukaputi. Kwa miaka kadhaa alibeba mzigo huo akiwa na wasaidizi wachache mno, hasa wakati wa Vita Vikuu vya Pili ambapo madaktari wengi walikwenda vitani.

Mwaka wa 1949 kitengo hicho kilipandishwa hadhi na kuwa idara kamili. Uongozi wa idara haukupewa yeye bali mwanamume, Dkt Emanuel Papper. Apgar aliteuliwa kuwa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho katika chuo hicho cha udaktari.

Mtu mwingine angejikunyata kwa uchungu. Yeye alipata nafasi ya kufanya alichokitamani. Akiwa amepunguziwa kazi za usimamizi, alielekeza macho yake katika chumba cha kujifungulia.

Fumbo la saa 24 za kwanza

Aliyoyaona humo yalimkera. Kati ya miaka ya thelathini na ya hamsini, vifo vya watoto wachanga nchini Marekani vilikuwa vimepungua. Lakini idadi ya waliofariki katika saa 24 za kwanza haikuwa imetikisika.

Sababu moja ilikuwa dhahiri kwa mtu aliyesimama upande wa kichwa cha mama, mahali ambapo mtaalamu wa nusukaputi hukaa. Mtoto alipozaliwa, macho yote yalibaki kwa mama. Hakuna aliyekuwa na jukumu maalumu la kumtazama mtoto. Daktari mmoja aliweza kumwona mtoto dhaifu na kupigania uhai wake, na mwingine akamwona mtoto wa hali iyo hiyo na kusema hapana matumaini. Hakukuwa na kipimo. Kila mmoja alifuata hisia zake.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja mwaka wa 1949, wakati wa kiamshakinywa katika mkahawa wa hospitali, mwanafunzi mmoja wa udaktari alimuuliza Apgar jinsi ya kupima hali ya mtoto aliyezaliwa punde. Alijibu kwamba jambo hilo ni rahisi, akachukua kikaratasi kilichokuwa karibu na kuandika mambo matano. Kisha akainuka na kwenda haraka kuyajaribu wodini.

Mambo hayo ni mapigo ya moyo, kupumua, jinsi mtoto anavyoitikia anapoguswa au kuchokozwa, nguvu za misuli, na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa sufuri, moja au mbili. Jumla ya juu kabisa ni 10.

Moyo unaopiga zaidi ya mara 100 kwa dakika hupata alama mbili, unaopiga chini ya hapo hupata moja, na usiopiga hupata sufuri. Mtoto anayelia kwa nguvu hupata mbili kwa kupumua, anayepumua kwa shida hupata moja. Anayerusha mikono na miguu hupata mbili, aliyelegea kama kitambaa hana kitu.

Apgar mwenyewe alikiri kwamba rangi ndiyo iliyokuwa alama yenye utata zaidi. Hapa kwetu wakunga wanajua hilo vyema. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, hutazama midomo, ulimi, viganja na nyayo.

Kipimo hicho hakikuhitaji mashine wala maabara. Kilihitaji macho, masikio, mkono na saa. Muuguzi wa mashambani angeweza kukitumia sawa na profesa wa New York.

Alichagua kupima mtoto anapotimiza dakika moja. Pia alisisitiza kwamba anayemzalisha mama asiwe ndiye anayetoa alama, kwa kuwa kila fundi huvutiwa na kazi ya mikono yake.

Nambari zilipoanza kusema

Apgar aliwasilisha mizani yake mbele ya wataalamu wenzake mwaka wa 1952, na makala yake ikachapishwa mwaka wa 1953. Ilitokana na uchunguzi wa zaidi ya watoto 1,000 waliozaliwa katika Hospitali ya Wanawake ya Sloane, New York.

Matokeo yalionyesha kwamba waliopata alama nane hadi 10 walikuwa na matumaini makubwa ya kuishi, na waliopata sufuri hadi mbili walikuwa hatarini. Vilevile, watoto waliozaliwa kwa upasuaji huku mama akiwa amepigwa ganzi ya uti wa mgongo walipata alama za juu kuliko wale ambao mama zao walilazwa kabisa kwa dawa.

Huo ndio uliokuwa uzito wa kazi yake. Kwa mara ya kwanza, matibabu aliyopewa mama yangeweza kulinganishwa na hali ya mtoto kwa kutumia hesabu. Jambo lililokuwa suala la maoni likawa suala la ushahidi.

Akishirikiana na Dkt Duncan Holaday na Dkt Stanley James, alianza kupima damu ya watoto wachanga. Waligundua kwamba watoto wenye alama za chini walikuwa na upungufu wa oksijeni na asidi nyingi katika damu. Awali baadhi ya madaktari walidhani hali hiyo ni ya kawaida kwa mtoto anayezaliwa. Sasa ilibainika kuwa ni ishara ya mtoto anayekosa hewa, na kwamba akisaidiwa kupumua mara moja anaweza kupona.

Utafiti huo ulimgusa Apgar mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa amewapa akina mama gesi ya saiklopropeni, ambayo aliipenda kuliko nyingine zote. Vipimo vilipoonyesha kwamba gesi hiyo huwadhoofisha watoto, hakutafuta visingizio. Aliacha kuitumia. Si wengi kati ya wakuu wa taaluma yoyote ambao hukubali kupingwa na hesabu zao wenyewe.

Baadaye alama ya dakika ya tano iliongezwa kando ya ile ya kwanza ili kuonyesha kama juhudi za kumwokoa mtoto zinazaa matunda. Uchunguzi mkubwa wa zaidi ya watoto 17,000 katika taasisi 12 ulithibitisha kwamba alama hizo, hasa ya dakika ya tano, zina uhusiano na uwezekano wa mtoto kuishi.

Hospitali zilianza kushindana kupata alama nzuri. Madaktari ambao zamani wangekata tamaa walianza kujaribu, kwani alama mbili zilizogeuka kuwa saba katika muda wa dakika nne zilikuwa ushahidi ambao hakuna awezaye kuubeza. Mwaka wa 1962, daktari wa watoto Joseph Butterfield wa Denver aliyageuza maneno matano ya mizani hiyo yaanze kwa herufi za jina Apgar katika lugha ya Kiingereza, ili wanafunzi wayakumbuke kwa urahisi.

Kutoka wodini hadi kwa umma

Mnamo 1959, akiwa na umri wa miaka 50, Apgar alipata shahada ya uzamili ya afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka huo huo aliondoka Columbia na kujiunga na wakfu wa March of Dimes, uliokuwa umepigana na polio na sasa ukageukia kasoro za watoto wanaozaliwa.

Alikuwa ametambua kwamba mizani yake hupima kilichokwisha kutokea. Watoto wengine walikuwa wanafia tumboni, au wanazaliwa na madhara yaliyoanza miezi mingi kabla. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa huo ulikuwa katika kipindi cha ujauzito.

Alizunguka Marekani na nchi nyingine akihutubia madaktari, wazazi na wanasiasa. Alihimiza wanawake wapimwe damu kuhusu Rh, kwani mama asiye na chembe hiyo anaweza kutengeneza kinga inayoshambulia damu ya mtoto na hata kumuua tumboni.

Kisha ukaja mlipuko wa rubela, ugonjwa unaofanana na surua, uliokumba Marekani mwaka wa 1964 na 1965. Takriban watu milioni 12.5 waliambukizwa. Kwa mtu mzima ugonjwa huo ni mwepesi, lakini kwa mja mzito ni hatari. Mimba zipatazo 11,000 ziliharibika, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara kama vile upofu, uziwi na kasoro za moyo. Apgar alitumia sauti yake yote kutetea chanjo, ambayo iliidhinishwa nchini humo mwaka wa 1969. Kenya ilianza kutoa chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka wa 2016.

Mwaka wa 1972, pamoja na mwandishi Joan Beck, alichapisha kitabu cha kuwaelimisha wazazi kuhusu kasoro za kuzaliwa, Is My Baby All Right?

Waliomjua wanamkumbuka kama mtu aliyezungumza haraka, aliyeendesha gari kwa kasi na asiyejua kuchoka. Alitembea na kisu kidogo na mpira wa kupitishia hewa kooni, asije akamkuta mtu njiani anayekosa pumzi. Alianza kujifunza urubani akiwa amepita umri wa miaka 50.

Aliunda pia ala za muziki kwa mikono yake, akifunzwa na Carleen Hutchins, aliyewahi kuwa mgonjwa wake. Kuna kisa maarufu kwamba wawili hao walitamani ubao wa mti mzuri uliokuwa rafu katika kibanda cha simu hospitalini. Hospitali ilipokataa kuutoa, waliuchukua usiku, Apgar akilinda mlango, wakaweka mwingine mahali pake. Ubao huo uligeuzwa kuwa mgongo wa viola.

Apgar hakuwahi kuolewa wala kupata mtoto. Alifariki Agosti 7, 1974 kutokana na ugonjwa wa ini, akiwa na umri wa miaka 65, katika hospitali ile ile aliyoitumikia kwa miaka mingi. Mwaka wa 1994 Marekani ilitoa stempu yenye picha yake.

Somo lililovuka bahari

Wataalamu wa leo wanaonya kwamba alama za Apgar hazipimi akili ya mtoto wala hazitabiri maisha yake ya baadaye. Wanasisitiza pia kwamba mtoto asiyepumua asisubirishwe hadi dakika itimie ndipo apewe alama. Anapaswa kukaushwa, kusisimuliwa na kupewa hewa papo hapo.

Lakini wazo lake la msingi, kwamba mtoto aliye kimya atazamwe kabla ya kuhukumiwa, limethibitishwa karibu kabisa na hapa kwetu. Nchini Tanzania, wakunga wa hospitali nane walifunzwa kumsaidia mtoto kupumua katika dakika ya kwanza, wakitumia mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa. Mafunzo hayo yalitolewa chini ya mpango wa kimataifa wa Helping Babies Breathe.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. La kushangaza zaidi ni kwamba idadi ya watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, bila dalili za kufa siku nyingi kabla, nayo ilishuka kwa asilimia 24.

Kuna maelezo mamoja makuu ya jambo hilo. Baadhi ya watoto hao hawakuwa wafu. Walikuwa kimya, na moyo ulikuwa unapiga.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka wa 2021 watoto milioni 1.9 ulimwenguni walizaliwa wakiwa wamekufa baada ya wiki 28 za ujauzito au zaidi. Zaidi ya wanne katika kila 10 hufa uchungu ukiwa umeanza, wakati ambapo mama mara nyingi tayari yuko mikononi mwa wahudumu. Vifo vingi kati ya hivyo vingezuiwa kwa kupima shinikizo la damu, kutibu kaswende na malaria, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto wakati wa uchungu, na kufanya upasuaji kwa wakati ufaao.

Hakuna lolote kati ya hayo lililo siri. Kinachokosekana mara nyingi ni mhudumu aliyefunzwa, kifaa kidogo kilicho mahali pake, na rejista inayoandikwa kwa ukweli. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe amezaliwa mfu ana haki ya kujua kwamba kuna mtu aliyemtazama mtoto huyo, aliyeusikiliza moyo wake na kujaribu kumpa pumzi kabla ya neno hilo kuandikwa.